Baridi ya Julai, kiangazi cha Septemba: Jinsi ya kuvusha samaki wa kidimbwini Katelembo

Mfugaji wa samaki wa kaskazini mwa Ulaya huogopa barafu inayofunika kidimbwi chake wakati wa majira ya baridi. Mwenzake wa Katelembo, katika kaunti ya Machakos, hana barafu ya kupasua, lakini naye ana majira yake magumu. Huanza na baridi ya mwezi wa Juni na kumalizika pale mvua za vuli zinapotulia mwezi wa Novemba.

Hiyo ni takriban miezi mitano. Katika muda huo samaki hawakui ipasavyo, maji hupungua siku baada ya siku, na chakula kilichonunuliwa kwa fedha taslimu huweza kuoza chini ya kidimbwi na kuwaua wale wale waliokusudiwa kushibishwa. Aghalabu mfugaji mpya hufunzwa kuchimba, kutandika plastiki na kununua vifaranga wa samaki. Ni nadra kuambiwa kwamba mwaka wake wa ufugaji una miezi saba tu ya faida, na kwamba mingine ni ya kujihifadhi.

Gharama ya kutolijua hilo si ndogo. Mwaka wa 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kufufua uchumi uliohusisha ufugaji wa samaki, ambapo vidimbwi 200 vilikusudiwa kuchimbwa katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita 300 za mraba. Vingi kati ya vidimbwi hivyo viliachwa baadaye. Ukosefu wa maji na bei ya chakula ni miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara, na yote mawili humbana mfugaji zaidi katika miezi hii.

Katelembo iko kando ya mji wa Machakos. Jina hilo linajulikana na wengi kutokana na ushirika wa ukulima na ufugaji wa Katelembo Athiani Muputi. Mji wenyewe umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka: ile ya masika, ambayo Wakamba huiita uua, kati ya Machi na Mei, na ile ya vuli, nthwa, kati ya Oktoba na Desemba. Wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi hii ya pili. Katikati ya mvua hizo, kuanzia Juni, hakuna mvua ya kutajika. Anga hutanda mawingu mazito asubuhi, jua huchelewa kuonekana, na usiku hewa hushuka hadi karibu nyuzi joto 11 au 12.

Kwa binadamu hiyo ni baridi ya kuvaa sweta. Kwa ngege, samaki ambaye wengi humwita tilapia, ni jambo jingine kabisa. Ngege anayefugwa kwa wingi humu nchini ni yule wa jamii ya Nile, na asili yake nchini Kenya ni maziwa ya joto kama vile Turkana. (Wengi hudhani kwao ni Ziwa Victoria, ilhali aliingizwa humo katika miaka ya 1950.) Hustawi maji yanapokuwa kati ya nyuzi 26 na 30. Yakipungua chini ya 20 hula kwa uvivu na kuacha kuzaana. Yakifikia 16 karibu hali kabisa, na yakikaribia 10 maisha yake yamo hatarini.

Samaki hana joto lake mwenyewe la mwili kama alivyo ng'ombe au kuku. Mwili wake hufuata joto la maji, na tumbo lake pia. Chakula ambacho humeng'enywa kwa saa chache mwezi wa Februari huweza kukaa tumboni kwa muda mrefu mwezi wa Julai, na kile kisicholiwa huzama chini.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza anachohitaji mfugaji wa Katelembo ni kipimajoto cha kawaida, kilichofungwa kwenye kamba na kuteremshwa hadi kina cha nusu mita hivi. Apime asubuhi jua linapochomoza na apime tena saa tisa alasiri. Vipimo hivyo viwili, vikiandikwa daftarini kila siku, vitamwongoza kuliko ratiba yoyote iliyochapishwa kwenye gunia la chakula, maana ratiba hiyo aghalabu huandikwa kwa kukadiria maji yenye joto la kutosha.

Tuchukue mfano wa kidimbwi cha nyuma ya nyumba chenye mita 5 kwa 6, yaani mita 30 za mraba, chenye samaki 100 waliofikia gramu 150 kila mmoja. Jumla ya uzito wao ni kilo 15. Katika majira ya joto, kiwango cha kawaida ni kuwapa asilimia 3 ya uzito huo kwa siku, ambayo ni gramu 450. Maji yanapokuwa kati ya nyuzi 18 na 22, asilimia 1 inatosha, yaani gramu 150. Tofauti ni gramu 300 kwa siku. Kwa siku 90 za Juni, Julai na Agosti, hizo ni kilo 27 za chakula, zaidi ya nusu ya gunia la kilo 50, ambazo mfugaji asiye na kipimajoto huzitupa majini.

Chakula hicho kidogo nacho kitolewe wakati wa joto la mchana, kati ya saa saba na saa tisa, na kwa mkono badala ya kumwagwa kwa mkupuo. Samaki wakikimbilia juu, waongezwe. Wakiacha punje zikielea kwa zaidi ya robo saa, basi siku hiyo wameshiba. Maji yakiwa chini ya nyuzi 16, ni afadhali kutowapa chochote. Samaki mwenye afya hustahimili siku kadhaa bila kulishwa, hasa ikiwa maji yake ni ya kijani kibichi, kwani rangi hiyo ni mimea midogo sana ambayo ngege huila.

Ukijani huo nao una kipimo chake, na hakihitaji fedha. Mfugaji hutumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko huku akiutazama ukucha wa kidole cha kati. Ukionekana waziwazi, maji ni maskini na yanahitaji mbolea kidogo. Ukipotea kabla ya maji kufika kwenye kiwiko, mimea imezidi na mbolea isiongezwe, hasa wakati wa mawingu. Mimea hiyo hutoa oksijeni mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku huivuta kama wanyama wavutavyo. Siku tatu mfululizo za mawingu mazito zikifuatana na maji ya kijani kilichokolea, ngege huonekana alfajiri wakihema juu ya maji midomo wazi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya moto: lita moja ya maji ya nyuzi 15 huweza kushika miligramu 10 hivi, ilhali ya nyuzi 30 hushika 7 na nusu, na kwenye mwinuko wa Machakos viwango hivyo hupungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Kwa nini basi samaki wafe kutokana na majira ya baridi? Jibu ni kwamba mara nyingi hawafi Julai. Hufa Septemba.

Chakula kilichozama mwezi wa Julai hakikuoza chote, kwa kuwa baridi huzuia hata kuoza. Kimelala chini pamoja na kinyesi na majani. Jua la Septemba linaporejea, tope hilo huanza kuchachuka kwa pamoja, likimaliza oksijeni na kutoa amonia, na hilo hutokea wakati maji yenyewe yamepungua. Mfugaji hushangaa kwamba samaki waliostahimili baridi wanakufa kukiwa na joto zuri. Hasara hiyo aliinunua miezi miwili iliyotangulia.

Kupungua kwa maji kunaweza kukadiriwa. Tukichukua kwamba jua na upepo hunyonya milimita 5 kwa siku, kidimbwi chetu cha mita 30 za mraba hupoteza lita 150 kila siku, ambazo ni mitungi saba na nusu ya lita 20. Kwa siku 120 ni sentimita 60. Kidimbwi chenye kina cha mita moja, hata kama hakivuji tone, kitabaki na sentimita 40 tu kisipoongezwa maji. Kidimbwi kifupi namna hiyo hupata joto upesi mchana na kupoa upesi usiku, na samaki huchoshwa na mabadiliko hayo kuliko baridi yenyewe. Ndiyo maana kina cha mita moja na nusu upande mmoja kina thamani kuliko upana mkubwa.

Maji ya kuongeza hutoka wapi? Tangi lililokinga maji ya mvua ya uua kutoka paani ndilo bora, kwa kuwa maji yake hayana dawa. Ya mfereji, ambayo kwa mji wa Machakos chanzo chake kikuu ni bwawa la Maruba, huwa yametiwa klorini. Yaachwe kwenye pipa lililo wazi juani kwa siku mbili kabla ya kumiminwa kidimbwini, kwani klorini huunguza matamvua ya samaki. Maji ya kisima kirefu aghalabu hayana oksijeni, hivyo yaangushwe kutoka juu, yapite kwenye mawe au debe lililotobolewa matundu. Yote yaongezwe kidogo kidogo, wakati wa mchana.

Katika miezi hiyo hiyo wageni wengine huja. Vijito na mabwawa ya mchanga yanapokauka, korongo, mnandi na mdiria hutafuta maji yaliyosalia, na samaki wazito kwa baridi ni windo rahisi. Wavu uliotandazwa juu ya kidimbwi hugharimu kiasi, lakini mnandi mmoja aliyezoea mahali huweza kumaliza samaki wachanga kwa majuma machache. Kenge naye huingia mchana kwa chini, hivyo pembeni pazungushiwe wavu wa waya na nyasi zifyekwe.

Wako wanaoinua paa la plastiki angavu juu ya kidimbwi, mfano wa kivungulio cha nyanya. Kwa kidimbwi kidogo njia hii hufaa. Huhifadhi joto la usiku, hupunguza maji yanayopaa na huzuia ndege. Upepo wa Machakos huichana plastiki hafifu, kwa hivyo gharama ya kuibadilisha ihesabiwe mapema. Kidimbwi kikubwa hakina haja ya anasa hiyo.

Swali huulizwa pia kuhusu kufuga aina nyingine. Trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa Kenya mwaka wa 1905, hutaka maji yatiririkayo kama ya mito ya Mlima Kenya na Nyandarua. Baridi ya Julai ingempendeza, lakini kidimbwi kilichotulia juani mwezi wa Februari kingemuua. Kambare anafaa zaidi, maana huweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji na kustahimili matope ya Septemba. Naye pia hupenda joto, na akiwekwa pamoja na ngege wadogo atawala.

Kosa jingine la majira haya ni kuvua na kupima samaki mara kwa mara. Nyavu huwachubua, na katika maji baridi mchubuko huota ukungu mweupe mfano wa pamba. Kazi zote za nyavu zimalizwe kabla ya mwezi wa Mei kwisha: wakubwa wauzwe, waliobaki wapunguzwe hadi idadi ambayo nusu ya maji itaweza kuitunza. Aliyeonekana na ukungu huo atengwe na kuogeshwa katika maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, kwa muda usiozidi nusu saa, akiangaliwa wakati wote.

Kisha huja mvua iliyongojewa. Inashangaza kwamba dhoruba ya kwanza ya nthwa ndiyo huua samaki wengi kwa usiku mmoja. Maji baridi ya mvua ni mazito, hivyo huzama na kuyasukuma juu maji ya chini yasiyo na oksijeni pamoja na tope lake. Mtiririko kutoka kwenye boma na barabara huongeza uchafu. Mfereji wa kuelekeza maji ya mtiririko pembeni uchimbwe mwezi wa Septemba, na tope la chini lipunguzwe kwa ndoo au pampu kabla mawingu hayajakusanyika. Tope hilo, pamoja na maji yake, ni mbolea nzuri kwa sukuma wiki. Siku mbili za kwanza za mvua samaki wasilishwe.

Kutokana na haya yote, tarehe ya kuweka vifaranga ina uzito kuliko aina ya chakula. Anayewaweka mwezi wa Aprili au Mei, akivutiwa na kidimbwi kilichojaa mvua ya masika, huwapeleka wadogo moja kwa moja kwenye baridi, na huwalisha miezi mitatu bila kuona mabadiliko. Anayewaweka katikati ya Novemba, mvua ikiwa imetulia na maji yamefikia nyuzi 23 au zaidi, huwa na miezi ya joto kuanzia Desemba hadi Machi mbele yake. Wa kwanza kukua huweza kuuzwa wakati wa Kwaresima, ambapo waumini wengi huacha nyama na samaki huulizwa sokoni, na waliosalia huvuliwa mwezi wa Mei. Kwa anayekusudia hivyo, oda ya vifaranga madume watupu yafaa itolewe mwezi wa Septemba, wakati kidimbwi bado ni tope na majirani wanauliza kama ameacha kufuga.