Mionzi kwenye tofali na saruji: kipi cha kawaida, kipi cha kuogopa

Kila ukuta una mionzi kidogo. Tofali la kuchoma lililofyatuliwa Kagunga, mawe ya mlimani, mchanga wa ufukweni, saruji iliyoshushwa kwenye boti kutoka Kigoma mjini, vyote asili yake ni ardhi, na ardhini kuna urani, thoriamu na potasiamu tangu zamani. Mionzi hiyo haionekani wala haina harufu. Kwa kiasi chake cha kawaida haikupi sababu ya kuihama nyumba yako.

Jambo hubadilika pale mabaki ya viwandani yanapoingia kwenye vifaa vya ujenzi. Chukua makaa ya mawe. Yakiungua, sehemu kubwa huondoka na moshi, lakini urani na thoriamu kwa kiasi kikubwa hubaki kwenye majivu. Kilichokuwa kimetawanyika kwenye gunia zima la makaa sasa kimekusanyika kwenye debe moja la majivu. Viwanda vya saruji katika nchi nyingi huchanganya majivu hayo, au mabaki ya tanuri za chuma, ili kupunguza gharama. Wala si siri, msikilizaji. Soma mfuko. Ukiona CEM I, hiyo ni saruji karibu tupu. CEM II/A ina mchanganyiko wa asilimia 6 hadi 20, na CEM II/B asilimia 21 hadi 35. Herufi inayofuata inataja kilichochanganywa: L ni mawe ya chokaa, P ni mawe au majivu ya volkano, V ni majivu ya makaa ya mawe, S ni mabaki ya tanuri za chuma. Kuiona V au S hakumaanishi mfuko huo ni hatari. Kunamaanisha unajua umenunua nini.

Kwetu Tanzania mfano mkubwa uko Minjingu, mkoani Manyara, ambako mawe ya fosfeti ya kutengenezea mbolea yamechimbwa tangu 1983. Fosfeti hiyo ina urani nyingi kuliko udongo wa kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta mawe ya Minjingu yana takriban bekereli 5,760 za radiamu kwa kilo, na mawe ya taka yanayotupwa machimboni takriban 4,250. Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Udongo wa kawaida duniani, kwa wastani, una kama 35.

Fosfeti ikichanganywa na tindikali ya salfa ili kupata mbolea kali, kama ilivyofanyika zamani katika kiwanda cha Tanga, hubaki jasi nyingi, na radiamu nyingi huhamia kwenye jasi hiyo. Sasa jasi ndiyo inayotiwa kidogo kwenye saruji isigande haraka, na ndiyo inayotengenezewa mbao za dari. Kwa hiyo ni muhimu kujua jasi imetoka wapi: iliyochimbwa ardhini kwa kawaida ina mionzi kidogo, iliyobaki kwenye mbolea inahitaji kupimwa kwanza.

Nchi za Ulaya hutumia hesabu rahisi. Radiamu hugawanywa kwa 300, thoriamu kwa 200, potasiamu kwa 3,000, kisha majibu hujumlishwa. Jumla ikizidi 1, kifaa hicho huchunguzwa zaidi kabla ya kujengea nyumba. Udongo wa wastani hupata kama 0.4. Mawe ya taka ya Minjingu, kwa radiamu peke yake, yanapita 14. Mtu asidanganyike kwa kuwa mawe ya machimbo ni ya bure akayafanya sakafu ya chumba cha kulala.

Madhara huja kwa njia mbili. Mionzi mingine hutoka moja kwa moja ukutani na sakafuni. Njia ya pili ni gesi ya radoni, inayozaliwa radiamu inapovunjika. Ukiivuta miaka mingi huweza kuleta saratani ya mapafu, na mvuta sigara yuko hatarini zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo ya hewa ya ndani, na pale isipowezekana, isipite 300. Sweden walijenga nyumba nyingi kwa matofali ya zege la bluu, yaliyotengenezwa kwa mawe yenye urani kuanzia 1929 hadi 1975. Walipoziba nyufa na madirisha ili kutunza joto, radoni ndani iliongezeka.

Huku kwetu hewa ni ya bure. Nyumba yenye madirisha mawili yanayotazamana na nafasi chini ya paa haihifadhi radoni nyingi. Dirisha likiwa na wavu wa mbu, halina haja ya kufungwa usiku kucha. Na kwa maoni yangu, anayeogopa mfuko wa saruji huku akilala na jiko la mkaa linalowaka chumbani ameanzia mahali pasipo.

Vipimo ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye maabara Arusha. Kijiji kikiletewa majivu, mawe ya machimbo au jasi ya bei ya kutupa kwa ajili ya shule au zahanati, uongozi uombe kwanza cheti cha vipimo kwa muuzaji. Asipokuwa nacho, sampuli ipelekwe Tume kabla fundi hajaanza kuchanganya.