Nani Alikaa Upande wa Mnunuzi?

Ukisikia "mshauri wa nyumba" pengine unamwaza jamaa wa tai anayekufundisha kupanga bajeti. Historia ya kazi hii kule Marekani ina vumbi zaidi ya hapo.

Miaka ya 1930, shirika la serikali lililoitwa Home Owners' Loan Corporation lilichora ramani za miji na kuzipaka rangi. Mitaa ya watu weusi ikapewa nyekundu, yaani hatari. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani benki zilizitumia ramani zenyewe, maana ubaguzi ulikuwepo kabla yazo. Vyovyote vile, kufikia miaka ya 1960, upande wa kaskazini wa Pittsburgh, mwenye nyumba aliyetaka kurekebisha paa hakuwa na pa kukopa.

Hapo anaingia Dorothy Mae Richardson, mama wa mtaa huo. Alikusanya majirani wakaunda kikundi, Citizens Against Slum Housing. Herufi za kwanza zinasomeka CASH, yaani doo, na sidhani ilikuwa bahati tu. Wakaziendea benki. Mwaka 1968 ikazaliwa Neighborhood Housing Services: taasisi 16 za fedha zikakubali kukopesha mtaani, na wakfu mmoja ukatoa pesa za mfuko wa mzunguko. Ofisi ilikuwa trela ya kukodi. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na mwenye nyumba, kuangalia mapato na madeni yake, kujua nyumba inahitaji nini, kisha kumfikisha penye mkopo.

Sasa, kuna kitu kinachonikera. Mwaka huohuo, 1968, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia watu wa kipato cha chini kununua nyumba kwa riba nafuu. Sheria hiyo iliruhusu ushauri pia, lakini pesa za ushauri hazikutoka mara moja. Mikopo ikatangulia. Detroit, walanguzi walinunua nyumba mbovu, wakazipaka rangi juujuu, wakahonga wathamini, wakaziuza kwa bei ya juu chini ya dhamana ya serikali. Wanunuzi wengi walikuwa akina mama weusi. Mfumo wa kupasha nyumba joto ukiharibika, mama anashindwa kulipa, nyumba inarudi kwa serikali. Mlanguzi na mkopeshaji wameshachukua chao, kitambo.

Keeanga-Yamahtta Taylor ameianika biashara hii katika Race for Profit (2019), na anaonyesha vile lawama iligeuzwa: eti hawa mama hawajui kutunza nyumba. Ushauri ukaanza kuonekana kama dawa ya ujinga wa mnunuzi, huku tapeli akiendelea zake. Mimi naona hizi ni kazi mbili zilizopewa jina moja. Mshauri mmoja anakufunza adabu. Mwingine anashika mkataba wako na kuuliza hiyo riba imetoka wapi.

Mwaka 1978 Bunge liliueneza mfano wa Pittsburgh kitaifa kwa kuunda shirika ambalo leo linaitwa NeighborWorks America. Desemba 2007, mikopo mibovu ilipoanza kulipuka, likatenga dola milioni 180, zipitie shirika hilo, kulipia ushauri kwa waliokaribia kunadiwa nyumba zao. Washauri wakashinda kwenye simu na wakopeshaji wakijadili riba upya, kwa niaba ya watu walioshasaini miaka mingi nyuma.