Picha Zinazorudi: Kutoka Kioo hadi Filamu, na Wajibu wa Kanisa katika Mbozi

1. Utangulizi

Historia ya Kanisa katika kusini magharibi mwa Tanzania haikuandikwa kwa kalamu peke yake. Iliandikwa pia kwa mwanga. Makala haya yanakusudia kufuata safari ya picha za kimisioni zilizotoka Mbozi na nchi za jirani, na kuuliza swali linalouhusu usharika wa Mlowo sawasawa na chuo cha theolojia: picha ihamishwapo kutoka chombo kimoja hadi kingine, ni kitu gani kipasacho kuhamishwa pamoja nayo?

2. Taa ya picha

Taa ya kuonyeshea picha ukutani ilijulikana Ulaya tangu karne ya 17. David Livingstone alisafiri nayo, na mnamo Januari 1854, katika mji wa chifu Shinte (leo ni nchi ya Zambia), alionyesha picha ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya Isaka. Kioo kilipovutwa, kisu kilionekana kuwajia watazamaji, nao wanawake wakakimbia wakipiga kelele. Tunajifunza hapa kwamba chombo chaweza kusema kwa sauti kubwa kuliko mhubiri mwenyewe.

3. Picha zilizoondoka

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wale wa Moravian kutoka Herrnhut walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakagawana eneo la kazi. Upande wa magharibi uliwaangukia Wamoravian, na ndiyo sababu misioni ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, ilikuwa yao. Picha zilizopigwa zilipelekwa Ujerumani, zikaonyeshwa sharikani ili kuamsha maombi na sadaka. Basi maelezo yake yaliandikwa kwa ajili ya mtazamaji wa huko. Mara nyingi mmisionari ametajwa jina, lakini mwalimu Mwafrika aliyesimama kando yake ametajwa kwa kazi yake tu, au kwa kabila lake.

4. Kutoka kompyuta hadi filamu

Katika karne hii picha nyingi za Herrnhut na Leipzig zimegeuzwa kuwa za kidijitali na kuwekwa katika mkusanyo wa picha za kimisioni unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Mtu aliyeko Mlowo, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, aweza sasa kuzitazama kwa simu. Hilo ni jambo la shukrani. Hata hivyo, picha ya kidijitali haisomeki pasipo mashine na programu, na vyote viwili huchakaa upesi.

Kwa sababu hiyo wako wanaoirudisha picha kwenye filamu. Mashine ya kazi hiyo, iliyotumika sana katika miaka ya 1980 na 1990 kuandaa slaidi za mihadhara, huionyesha picha kwenye kioo kidogo ndani ya kisanduku cha giza. Mwanga wake hupitishwa katika vichujio vyekundu, kijani na buluu kwa zamu, na kamera huupokea kwenye filamu. Filamu ikisafishwa hukatwa na kutiwa katika fremu ya sentimita 5 kwa 5. Huko Oberried, karibu na Freiburg, Ujerumani imehifadhi nakala za nyaraka zake kwenye filamu ndani ya mgodi wa zamani tangu 1975, kwa kuwa filamu husomeka kwa mwanga na lenzi tu.

Lakini tusidanganyike. Rangi za slaidi hufifia, ukungu huila filamu penye joto na unyevu, na Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Hakuna chombo kisichopita.

5. Wajibu wetu

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 11:23, asema kwamba aliwapa wengine kile alichokipokea yeye mwenyewe. Mapokeo ni kukabidhi, na anayekabidhi hana budi kukijua anachokikabidhi. Hapa ndipo slaidi inapotufundisha. Sahani ya projekta huchukua picha 80 tu, hivyo mtu hulazimika kuchagua. Na ukingo wa fremu una nafasi ya kuandika jina. Kompyuta hupokea picha 10,000 bila kutuuliza hata moja ni ya nani.

Kwa hiyo, kabla usharika haujatafuta fedha za filamu au za kompyuta, picha hizo na zipelekwe kwa wazee wa Mbozi, wa Moravian na wa Kilutheri pamoja, waulizwe: huyu ni nani, alifundisha wapi, aliimba sauti gani, watoto wake wako wapi? Majibu yaandikwe na tarehe yake, pamoja na jina la aliyeyatoa. Kazi hii haiwezi kungoja, maana kila mazishi ya mzee huondoa majina ambayo hayamo katika hifadhi yoyote, ya Herrnhut wala ya Los Angeles. Filamu yaweza kunakiliwa tena mwaka ujao, shahidi hanakiliwi.