Oligosakaridi za maziwa ya mama

Oligosakaridi za maziwa ya mama ni kundi la sukari zinazopatikana kwa wingi katika maziwa ya binadamu: takriban gramu 5 hadi 15 kwa lita. Maziwa ya ng'ombe, ambayo ndiyo msingi wa maziwa mengi ya kopo, yana kiasi kidogo sana.

Mtoto mchanga hawezi kuzimeng'enya sukari hizo. Hufika utumbo mpana karibu zilivyo, na huko huliwa na bakteria wenye faida, hasa bifidobakteria, ambao hutoa asidi zinazozuia vijidudu vingi vya maradhi.

Utengenezaji

Iliyo maarufu zaidi ni 2'-fukosilaktosi, yaani laktosi iliyounganishwa na sukari ya fukosi. Hutengenezwa hasa na aina za Escherichia coli zisizoleta ugonjwa. Kwa kuwa bakteria huyo huivunja laktosi ili apate nishati, kwanza jeni la kimeng'enya cha kuivunja huondolewa. Kisha hupandikizwa jeni la kimeng'enya kinachounganisha fukosi na laktosi. Mara nyingi jeni hilo limetoka kwa Helicobacter pylori, yule yule anayesababisha vidonda vya tumbo. Bakteria hukuzwa katika matangi, na sukari wanayoitoa huchujwa na kukaushwa kuwa unga usio na bakteria.

Umoja wa Ulaya uliiidhinisha sukari hiyo mwaka 2016. Hata hivyo maziwa ya mama yana zaidi ya aina 100 za sukari hizo, pamoja na kingamwili, ambazo maziwa ya kopo hayana.

Afrika Mashariki

Kwenye pwani ya kusini ya Kenya, watoto wengi wenye upungufu wa damu huongezewa madini ya chuma katika uji wa mahindi. Tatizo ni kwamba chuma kisichofyonzwa huwanufaisha pia bakteria wabaya wa utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu watoto 155 wa huko, kwa miezi 4. Waliopewa chuma pamoja na gramu 7.5 za galaktooligosakaridi kila siku walikuwa na bifidobakteria wengi zaidi, na jeni chache zaidi za sumu za bakteria, kuliko waliopewa chuma peke yake. Galaktooligosakaridi si sukari za maziwa ya mama. Hutengenezwa kwa laktosi na vimeng'enya, na huiga sehemu tu ya kazi yao.