Zebaki ya Geita na Samaki wa Minamata

Ndugu msikilizaji, watu wa kwetu Shinyanga wakiambiwa kwamba kijana wao amesomea bahari, huuliza kwa adabu kama chuoni hakukuwa na nafasi kwenye pamba au ng'ombe. Swali hilo ni la haki. Kutoka Shinyanga mjini hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, na wazee wengi bahari waliijua kwa simbi tu, zile walizovaa bibi zao. Jibu langu huanzia mbali zaidi, Japani.

Kusini mwa nchi hiyo kuna ghuba ndogo iitwayo Minamata. Mwezi Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, Hosokawa Hajime, alitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana. Watoto walishindwa kutembea, kusema, hata kushika kijiko. Paka wa wavuvi walikuwa wakizunguka kama wenye wazimu. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema chanzo ni zebaki, ambayo watu waliila ndani ya samaki. Mwaka huohuo Hosokawa alimlisha paka maji taka ya kiwanda, na paka yule, aliyeandikwa namba 400, akaugua ugonjwa uleule. Kampuni ilimzuia daktari asitangaze. Kiwanda kikaendelea na mchakato uliotoa zebaki hiyo mpaka 1968. Miaka tisa, ndugu msikilizaji, jibu liko mikononi mwa watu wachache, na wavuvi wanaendelea kuwapa watoto wao samaki.

Nalisimulia hilo kwa sababu wengi huona mikutano ya kisayansi kuwa ni posho, mkoba na chai. Posho na chai vipo, sikatai. Lakini takwimu ikishatajwa mbele ya wageni wa nchi nyingi, haifichiki tena kwa urahisi. Mwaka 1972 wagonjwa wa Minamata walikwenda Stockholm, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira. Miongoni mwao alikuwa Sakamoto Shinobu, msichana aliyezaliwa na ugonjwa huo, na aliyefuatana nao ni daktari Harada Masazumi. Harada alipokuwa bado kijana alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba sumu hiyo humfikia mtoto tumboni mwa mama.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na watu wakamiminika Geita na Kahama. Anayejua mwaloni anajua kazi ilivyo. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inamwagiwa ili ikamate dhahabu, kisha donge linachomwa motoni. Zebaki hupaa na moshi. Nyingine hubaki kwenye marudio, na mvua ikinyesha huteremka kwenye vijito, na vijito vinajulikana viendako.

Basi hofu ilikuwa ya wazi: Ziwa Victoria litakuwa Minamata ya pili. Wanasayansi walikuja kupima. Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa taasisi ya utafiti iliyoko Minamata kwenyewe walichapisha matokeo yao 1996. Harada, yule daktari wa Stockholm, naye alifika na wenzake, wakapima nywele za wachimbaji, wavuvi na jamaa zao, wakachapisha 1999. Matokeo hayakufuata hofu. Kwa jumla samaki waliopimwa walikuwa na zebaki kidogo. Hatari kubwa ilikuwa moshi, kwa yule anayechoma. Na baadhi ya watu wasiochimba kabisa walikutwa na zebaki nyingi kwenye nywele. Aliyeshukiwa si sangara wala sato, ni sabuni ya kung'arisha ngozi!

Fikirini kama pasingepimwa. Tangazo moja la redio, pengine la mtu kama mimi, lingetosha kuua soko la samaki kuanzia Nungwe hadi Mwanza, na muuza dagaa angelala njaa kwa kosa la sabuni. Wakati huohuo mchoma dhahabu angeendelea kuvuta moshi wake akidhani salama yake ni kuacha kitoweo.

Mwaka 2017 wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi walikutana Dar es Salaam, katika mkutano wa chama chao, WIOMSA, ambacho makao yake yako Zanzibar. Nilikuwa kijana wa bango: unasimama kando ya karatasi yako kama muuza nguo mnadani, ukingoja mtu apunguze mwendo. Langu lilihusu metali katika tope la mikoko. Mzee mmoja alisimama, akauliza nyumbani ni wapi. Nilipomwambia, aliacha mikoko, akaanza kuuliza juu ya Geita: samaki wakubwa walao wenzao walipimwa lini mara ya mwisho, nani anapima nywele za watoto. Maswali yake yalikuwa ya maana, maana zebaki hujikusanya polepole, na kipimo cha 1996 hakimlindi mtoto aliyezaliwa jana.

Lakini majarida yenye majibu yale yameandikwa kwa Kiingereza, na mama wa Rwamagasa aliyetoa unywele wake hasomi majarida hayo. Mkataba wa dunia juu ya zebaki, uliopewa jina la Minamata, ulipitishwa Japani mwaka 2013. Tanzania iliuridhia 2020. Chombo cha kuchomea kinachofunikwa, kinachorudisha zebaki badala ya kuipeperusha, si kigeni Geita, kilishaonyeshwa kwa wachimbaji huko miaka mingi kabla ya mkataba huo. Hata hivyo wapo wanaochoma kwenye jiko la mkaa, kwenye kikaango kilekile, mlango umefungwa ili jirani asione dhahabu, na mtoto yuko mgongoni.