Kwa nini takwimu za vijana wasio na ajira hutofautiana

TAKWIMU kuhusu ukosefu wa ajira miongoni mwa vijana nchini Kenya zimezua mjadala kwa miaka mingi kwa kuwa huonekana kukinzana.

Shirikisho la Waajiri nchini (FKE) limewahi kutaja kiwango cha asilimia 67 kwa vijana wa kati ya miaka 15 na 34. Kwa upande mwingine, Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lilisema kuwa ni asilimia 5.2 pekee ya nguvukazi yote iliyokosa kazi katika robo ya kwanza ya 2020.

Suala hili si la wataalamu pekee. Serikali hutegemea takwimu hizo inapotenga fedha za miradi ya vijana, na kijana asiyehesabiwa huenda asikumbukwe.

Chanzo cha kwanza cha tofauti hizo ni umri. Katiba ya 2010 inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimu miaka 18 lakini hajafikisha 35. Umoja wa Mataifa, katika takwimu zake, huhesabu walio kati ya miaka 15 na 24.

Chanzo cha pili ni maana ya kukosa ajira. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), asiye na ajira ni mtu ambaye hakufanya kazi yoyote, alikuwa tayari kufanya kazi na aliitafuta katika majuma manne yaliyopita. Aliyefanya kazi ya malipo kwa muda wa saa moja katika juma la utafiti huhesabiwa kuwa na kazi.

Chukua mfano wa vijana 100. Iwapo 60 wana kazi, sita wanaitafuta, 20 wako masomoni na 14 wamekata tamaa ya kutafuta, nguvukazi ni watu 66. Kiwango cha ukosefu wa ajira kitakuwa asilimia 9. Hata hivyo, wasio kazini wala masomoni ni 20, yaani asilimia 20 ya vijana wote.

Watatu kati ya wale sita wakikata tamaa, kiwango kitashuka hadi karibu asilimia 5 ingawa hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Aidha, katika nchi ambayo serikali haiwalipi posho wasio na kazi, ni wachache wanaoweza kukaa bure wakisubiri. Mhitimu wa chuo anayeuza mitumba au kuendesha bodaboda huhesabiwa kuwa na kazi, hata kama pato lake halitoshi kodi ya nyumba.

Ripoti ya Hali ya Uchumi ya 2025 ilidhihirisha hali hiyo. Kati ya nafasi mpya 782,300 za kazi zilizopatikana 2024, takriban 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Hiyo ni asilimia 90.

Kwa miongo mingi, takwimu za kina zilipatikana kwa nadra. Utafiti wa 1998/99 ulionyesha kiwango cha asilimia 14.6 kwa watu wote, na ule wa 2005/06 asilimia 12.7. Ni mnamo 2019 ambapo KNBS ilianza kukusanya takwimu za nguvukazi kila robo ya mwaka.

Faida yake ilionekana wakati wa janga la corona. Katika robo ya pili ya 2020, kiwango cha jumla kilipanda maradufu hadi asilimia 10.4, na idadi ya waliokuwa na kazi ikapungua kwa takriban milioni 1.7. Kwa walio kati ya miaka 20 na 29, kiwango kilizidi asilimia 20.

Ni kutokana na hali hii ambapo asilimia moja pekee haitoshi kueleza masaibu ya vijana. Msomaji anapokumbana na takwimu mpya, yafaa achunguze umri uliohesabiwa, kipindi cha utafiti, iwapo waliokata tamaa wamejumuishwa, na aina ya kazi walizo nazo wanaosemekana kuwa na ajira.

Kiwango kikishuka huku idadi ya vijana wasio kazini wala masomoni ikipanda, hapo hakuna la kushangilia.