Zebaki katika uchimbaji mdogo wa dhahabu

Zebaki ni metali ya majimaji ambayo wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huitumia kunasa chembe za dhahabu katika mchanga uliosagwa kwa karasha. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Athari kuu humwangukia mchomaji na walio karibu naye: mvuke huingia mapafuni, hupita kwenye damu, kisha hudhuru ubongo na figo, na mikono huanza kutetemeka. Zebaki ikifika mtoni, bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki na kumfikia hata mtoto aliye tumboni. Retorti, chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, hupunguza sana hatari ya kuuvuta, na ingestahili kuwapo katika kila mwalo, yaani eneo la kuchenjulia dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaolenga kudhibiti zebaki, mwaka 2020.